Namna ya Kutoa Bakshishi Mgahawani na Kwenye Meli ya Kitalii

Wasafiri wengi huanza kwa kuuliza watoe kiasi gani, na kwa sababu hiyo huishia kukariri asilimia ambazo hazifai kila mahali. Kuna swali linalopaswa kutangulia hilo: je, huduma hii imekwisha kulipiwa ndani ya bei, na kama haijalipiwa, anayenihudumia anaitegemea fedha yangu kuwa sehemu ya ujira wake au ataipokea kama zawadi tu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kiasi, wakati na namna ya kutoa. Mwongozo huu unaanzia mezani, mahali ambapo mambo ni mepesi kiasi, kisha unaingia melini, ambako fedha hukatwa kimyakimya na mgeni asiye makini hulipa mara mbili au haelewi kabisa amelipa nini.

Hatua ya kwanza: tambua kama bakshishi ni ujira au ni zawadi

Marekani ndiko wageni wanakokosea zaidi, kwa sababu sheria yake ya kazi ina kipengele ambacho nchi nyingi hazina. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, lakini mwajiri wa mfanyakazi anayepokea bakshishi anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi za wateja zijaze pengo lililobaki. Zisipolijaza, mwajiri anatakiwa kisheria kulifidia. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu kuliko hivyo, na yapo majimbo 7, miongoni mwao California, Washington, Oregon na Nevada, ambayo hayaruhusu punguzo hilo hata kidogo, kwa hiyo huko mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo kabla ya kupokea chochote kutoka kwa mteja. Hata hivyo, desturi ya mezani haitofautiani sana kutoka jimbo hadi jimbo: asilimia 15 hadi 20 ya bili katika mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, na katika miji mikubwa watu wengi huihesabu asilimia 20 kuwa ndiyo ya kawaida.

Kuna jambo ambalo mgeni halioni. Katika migahawa mingi ya huko, mhudumu wa meza hugawana bakshishi yake na wanaoondoa vyombo na wanaochanganya vinywaji, na mara nyingi mgawo huo hukokotolewa kutokana na mauzo ya meza zake, si kutokana na alichopokea. Mteja anayekula kwa dola 100 na kuondoka bila kuacha kitu huweza kumlazimu mhudumu atoe sehemu ya wenzake kutoka katika bakshishi za meza nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba Marekani bakshishi ihesabiwe kuwa ni sehemu ya gharama ya mlo tangu unapofungua orodha ya vyakula; ikiwa bajeti haitoshi mlo pamoja na asilimia zake, ni heshima zaidi kuchagua mahali pa kujihudumia.

Kwingineko hali ni tofauti. Ufaransa kanuni zinataka bei iliyoandikwa kwenye orodha iwe na huduma ndani yake, na ndiyo maana ya maneno *service compris* unayoyakuta kwenye bili. Sarafu chache zinazoachwa mezani huwa ni shukrani tu. Ujerumani watu hujumlisha hadi namba nzima iliyo karibu au huongeza asilimia 5 hadi 10, na namna yake ina adabu zake, ambazo nitazieleza katika hatua ya nne. Uingereza migahawa mingi huongeza ada ya huduma ya hiari, aghalabu asilimia 12.5, ambayo mteja ana haki ya kuomba iondolewe. Australia mhudumu halazimiki kutegemea bakshishi, na kutotoa hakumshangazi mtu. Japani desturi haipo kabisa katika migahawa ya kawaida, na mhudumu akikuta fedha mezani huenda akakufuata mlangoni akidhani umezisahau. Misri, kwa upande mwingine, ada ya huduma ikiwa tayari kwenye bili haizuii wahudumu kutarajia kitu kidogo mkononi.

Hatua ya pili: soma bili yote kabla ya kuandika namba yoyote

Kwenye bili kuna vitu vinne ambavyo watu huvichanganya: kodi, ada ya huduma, ada ya meza na mstari mtupu wa bakshishi. Kodi huenda serikalini na haimhusu mhudumu. Ada ya meza, ambayo Italia huitwa *coperto*, hutozwa kwa kila aliyeketi na ni mapato ya mgahawa. Inayoleta utata ni ada ya huduma, hasa ile inayoongezwa yenyewe kwa makundi, kwa kawaida ya watu 6 au zaidi, kwa kiwango cha asilimia 18 au 20.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa mara mbili. Tulikuwa watu 8 mezani, bili ikaletwa ndani ya jalada la ngozi, nami nikajaza asilimia 20 kwenye mstari mtupu bila kuona kwamba asilimia 18 ilikuwa imekwisha kuongezwa mstari mmoja juu ya jumla. Siwezi kusema nilidanganywa, maana ilikuwa imeandikwa wazi. Ni mimi niliyekuwa nikizungumza badala ya kusoma. Tangu siku ile huwa natafuta maneno ya ada ya huduma kwanza, kisha ndipo naitazama jumla.

Tofauti kati ya ada ya huduma na bakshishi si ya jina tu. Kwa sheria za Marekani, ada ambayo mteja hana hiari nayo ni mapato ya mwajiri, ambaye anaweza kuwagawia wafanyakazi kama mshahara au asiwagawie, wakati bakshishi iliyotolewa kwa hiari ni mali ya mfanyakazi, na tangu mwaka 2018 sheria inawakataza waajiri, mameneja na wasimamizi kujichukulia sehemu yake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakshishi na ada za huduma zote bila makato yasiyoruhusiwa kisheria, kwa mgawanyo wa haki. Kwa hiyo si ufidhuli kumuuliza mhudumu kwa sauti ya chini, "Samahani, ada hii ya huduma huwafikia ninyi?" Ukiambiwa ndiyo, na ada yenyewe ni ya asilimia 18 au zaidi, huna deni. Ukiambiwa hapana, au ukiona anasita, acha kitu kidogo taslimu mkononi mwake.

Hatua ya tatu: fanya hesabu kichwani

Chukua bili ya chakula na vinywaji kabla ya kodi. Tuseme ni dola 60. Asilimia 10 hupatikana kwa kusogeza nukta hatua moja kushoto, yaani dola 6. Ukiizidisha mara mbili unapata asilimia 20, ambayo ni dola 12. Ukiiongezea nusu yake unapata asilimia 15, ambayo ni dola 9. Asilimia 18 ni ile ya 20 ukiipunguzia sehemu yake moja ya kumi: dola 12 ukiondoa dola 1.20, inabaki dola 10.80. Hakuna haja ya kutoa simu mezani.

Iwapo unahesabu juu ya jumla yenye kodi, tofauti huwa ni ndogo: kodi ikiwa dola 4.80, asilimia 20 ya dola 64.80 ni dola 12.96, badala ya dola 12. Sioni sababu ya kubishana juu ya kiasi hicho, lakini ni vyema kujua kwamba mashine nyingi za kulipia hukokotoa asilimia zake juu ya jumla yenye kodi, hivyo namba iliyoandikwa "asilimia 20" kwenye kioo huwa kubwa kidogo kuliko ile uliyoipata kichwani.

Pale ambapo watu hukosea zaidi ni kwenye punguzo. Ukiwa na kuponi iliyopunguza mlo wa dola 80 hadi dola 40, mhudumu amebeba sahani zilezile na amefika mezani mara zilezile, kwa hiyo asilimia 20 ihesabiwe juu ya dola 80, yaani dola 16. Vivyo hivyo ukiletewa kitu bila malipo kwa hisani ya mgahawa.

Mahali pa kujichukulia chakula mwenyewe kisha mhudumu akaleta vinywaji tu, asilimia 10 inatosha. Kwenye baa za Marekani dola 1 kwa kinywaji cha kumimina na dola 2 kwa cha kuchanganywa ndiyo desturi, au asilimia 15 hadi 20 kwa anayelipa mwishoni. Chakula cha kuchukua na kwenda nacho hakina sharti, hata kama kioo cha mashine kinageuzwa kukutazama huku mhudumu akisubiri na watu wa nyuma yako wakichungulia. Kioo hicho kimebuniwa ili uone haya kukataa, lakini kitufe cha kukataa kipo, ingawa huwekwa pembeni kwa herufi ndogo. Kibonyeze bila kuomba radhi.

Hatua ya nne: toa kwa namna inayompa heshima anayepokea

Fedha taslimu humfikia mhudumu siku hiyohiyo, wakati ile ya kadi huenda ikasubiri siku ya mshahara. Katika nchi ambako bakshishi ni ujira, njia zote mbili zinakubalika. Ukilipa kwa kadi kwenye karatasi, jaza mstari wa bakshishi, andika jumla mpya kwa tarakimu zinazosomeka, na ukiwa umetoa taslimu, piga mstari kwenye nafasi ya bakshishi au andika neno la fedha taslimu, ili asiwepo wa kuijaza baadaye na ili mhudumu asidhani umemsahau. Chukua nakala yako.

Ujerumani huachi fedha mezani ukaondoka. Mhudumu husimama na kutaja bili, nawe unamtajia jumla unayotaka kulipa: bili ikiwa yuro 27.50 na ukampa noti ya 50, unasema "thelathini", naye anakurudishia 20. Ukisema asante mapema, wakati unakabidhi noti, anaweza kuelewa kwamba chenji yote ni yake, na kumwomba airudishe baada ya hapo ni aibu kwenu wote wawili. Nchini Japani, katika nyumba za wageni za kienyeji, mgeni anayetaka kushukuru huweka noti safi ndani ya bahasha ndogo na kuikabidhi kwa mikono miwili mwanzoni mwa ukaaji. Kutoa noti iliyo wazi huonekana ni kukosa adabu.

Popote ulipo, usiache sarafu za nchi nyingine. Benki na maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni, kwa hiyo unachomwachia mhudumu ni uzito tu mfukoni. Noti zilizochanika nazo humsumbua. Na usiitangaze bakshishi yako kwa wenzako mezani wakati mhudumu anasikia. Fedha inayotolewa kwa kelele humnunua mtu badala ya kumshukuru.

Hatua ya tano: huduma ikiwa mbaya, sema kabla ya kupunguza

Chakula kilichopoa au kuchelewa mara nyingi ni kosa la jikoni, na mhudumu ndiye anayebeba lawama kwa sababu uso wake ndio unaouona. Kama kosa ni lake kweli, kwa mfano amekupuuza kwa muda mrefu au amekujibu kwa dharau, zungumza na meneja ukiwa bado mezani, wakati bado kuna kinachoweza kurekebishwa. Kuacha sifuri kimya kimya hakumfundishi mtu kitu, kwa kuwa anaweza kudhani wewe ni mgeni usiyejua desturi au umesahau. Ukiamua kupunguza Marekani, asilimia 10 ni ujumbe unaoeleweka.

Inafaa pia kujua kwamba watu hawatoi bakshishi kwa kupima huduma kama wanavyodhani. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, amekuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi kinachotolewa ni dhaifu; ukubwa wa bili ndio unaoeleza zaidi. Kwa maneno mengine, tunatoa kwa desturi, halafu tunajieleza kwamba tumetoa kwa kuridhika.

Hatua ya sita: melini, elewa tozo ya kila siku kabla ya kupanda

Zamani mambo ya melini yalikuwa rahisi kuyaeleza. Abiria alipangiwa meza moja na saa moja ya chakula kwa safari nzima, akahudumiwa na mhudumu yuleyule na msaidizi wake, na usiku wa mwisho aligawa bahasha: moja kwa mhudumu wa meza, moja kwa msaidizi, moja kwa msimamizi wa ukumbi na moja kwa aliyekuwa akitandika kitanda chake. Mfumo huo ulianza kuvunjika pale kampuni zilipowaruhusu abiria kula popote na saa yoyote. Norwegian Cruise Line ilianzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2000, na nyingine zikafuata. Abiria anayehudumiwa na watu 20 tofauti kwa wiki hajui ampe nani bahasha, kwa hiyo kampuni zikaweka tozo ya kila siku inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba.

Kwenye meli za kampuni kubwa kama Carnival, Royal Caribbean na Norwegian, tozo hiyo imekuwa kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila mgeni kwa kila siku katika chumba cha kawaida, na huwa kubwa zaidi kwa vyumba vya hadhi ya juu. Zingatia maneno "kila mgeni". Watu 2 wakisafiri usiku 7 kwa tozo ya dola 18, jumla ni dola 252, na mtoto akiwa wa tatu chumbani hutozwa naye, isipokuwa wale wadogo sana ambao baadhi ya kampuni huwasamehe. Wasafiri wanaolinganisha bei za tiketi tu, bila kuongeza mstari huu, hujikuta wameichagua meli iliyo ghali wakidhani ni nafuu.

Fedha hiyo hugawanywa kati ya wahudumu wa vyumba, wa kumbi za chakula na baadhi ya wale usiowaona, kama wa jikoni na wa kufua. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nchi kama Bahamas, Panama na Malta, hivyo sheria za mshahara wa Marekani haziwalindi wafanyakazi wake hata kama meli inaanzia Miami. Kinacholinda saa zao ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, ambao unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Ukifanya hesabu utaona kwamba inawezekana kisheria kufanya kazi hadi saa 14 katika baadhi ya siku, bila siku nzima ya kupumzika, kwa mkataba ambao aghalabu ni wa miezi 6 hadi 9. Mimi nikiitazama tozo ya kila siku kwa jicho hilo, naiona kuwa ni sehemu ya bei ya safari na si fadhila yangu.

Si kila kampuni hufanya hivyo. Regent Seven Seas, Seabourn na Silversea huingiza bakshishi ndani ya nauli. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa tozo ya kila siku mwaka 2019. Kwenye meli za mitoni barani Ulaya, baadhi ya kampuni hupendekeza kiasi kwa siku kisha huwaachia abiria waweke wenyewe kwenye bahasha au sanduku siku ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, tafuta katika masharti ya safari maneno yanayoeleza bakshishi au ada ya huduma. Kama huyaoni, muulize wakala kwa maandishi.

Hatua ya saba: amua kama utalipa mapema

Kampuni nyingi hukuruhusu kulipa tozo nzima pamoja na tiketi. Faida yake ni mbili: safari inakuwa imelipiwa yote kabla ya kuondoka nyumbani, na kwa kawaida kiwango kikipandishwa kati ya siku uliyolipa na siku ya safari, ongezeko halikuhusu. Hasara ni kwamba ukitaka kubadili kiasi ukiwa melini, huwa kazi zaidi. Kwa familia kubwa mimi hupendekeza kulipa mapema, kwa sababu bili ya siku ya mwisho huwa na mshtuko wa kutosha hata bila mstari huo.

Hatua ya nane: tenganisha tozo ya siku na asilimia za vinywaji

Hapa ndipo abiria wengi hudhani wameibiwa. Tozo ya kila siku haihusu baa wala saluni. Kila kinywaji unachonunua huongezewa asilimia 18 hadi 20 papo hapo, na vivyo hivyo kukandwa mwili na huduma nyingine za saluni. Ukinunua kifurushi cha vinywaji, asilimia hiyo hutozwa juu ya bei ya kifurushi wakati wa kununua. Hata kifurushi unachopewa "bure" kama zawadi ya kukata tiketi mara nyingi huja na asilimia zake, na kwa safari ya wiki kiasi hicho si kidogo.

Halafu unaletewa karatasi ya kutia sahihi yenye mstari mtupu wa bakshishi ya ziada. Mstari huo ni wa hiari kabisa. Kuuacha wazi si utovu wa adabu, kwa kuwa mhudumu wa baa amekwisha kupata sehemu yake. Kwenye migahawa maalumu ya melini, ile inayolipiwa kando, soma kama ada ya kuingia ina huduma ndani yake. Mara nyingi inayo.

Hatua ya tisa: beba noti ndogo kwa wale walio nje ya tozo

Kabla ya safari badilisha fedha upate noti ndogo, kwa sababu dawati la wageni melini huishiwa nazo upesi. Meli nyingi hutumia dola za Marekani. Baadhi ya zile za bahari ya Mediterania hutumia yuro. Watu wa kuwakumbuka ni hawa.

Wapagazi wa gatini si wafanyakazi wa meli. Unamkabidhi mizigo mtu ambaye hutamwona tena, naye hapati chochote katika tozo yako. Katika bandari za Marekani dola 1 au 2 kwa begi ni kawaida. Anayekuletea chakula chumbani hustahili dola 2 hadi 5 kila anapoleta, hasa usiku wa manane, isipokuwa karatasi ionyeshe kwamba ada imeshaongezwa. Kiongozi wa matembezi ya nchi kavu na dereva wa basi ni waajiriwa wa kampuni za bandarini, kwa hiyo nao hawamo katika mgawo wa meli. Kwa matembezi ya saa chache wengi hutoa dola 2 hadi 5 kwa kila mtu kwa kiongozi, na kidogo zaidi ya hapo kwa siku nzima, kisha kitu kidogo kwa dereva. Hapa kumbuka kanuni ya sarafu, na ukiweza toa fedha ya nchi mliyoteremka.

Nahodha, maofisa, daktari na msimamizi wa burudani hawapewi bakshishi. Wana mishahara ya vyeo vyao, na noti mkononi mwa nahodha humweka katika hali ngumu.

Kuhusu mhudumu wa chumba, tozo ya siku imemfikia, lakini ndiye anayejua kwamba unalala kwa kuchelewa, ndiye anayeingia mara mbili kwa siku na ndiye anayesafisha wakati mtoto ameugua bahari. Wanaotaka kumwongezea humpa kitu siku ya kwanza au ya pili kwa kukutana naye ana kwa ana, kisha nyingine mwishoni. Wengine hutoa yote mwishoni. Mimi nimeona ya mwanzoni ina faida kama una mahitaji maalumu ya kueleza, mradi usiifanye rushwa. Pamoja na fedha, andika jina lake kwenye fomu ya maoni ukitaja alichofanya. Fomu hizo husomwa na wasimamizi wake, na sifa iliyoandikwa kwa jina humbakia kazini hata baada ya fedha kwisha.

Hatua ya kumi: fikiri vizuri kabla ya kuiondoa tozo

Kampuni nyingi hukuruhusu kupunguza au kuondoa tozo ya siku kwenye dawati la wageni kabla safari haijaisha. Sababu halali zipo: chumba hakikusafishwa, malalamiko hayakushughulikiwa. Hata hivyo, anza kwa kueleza tatizo siku linapotokea, kwa sababu dawati likijulishwa mapema linaweza kulitatua, na ukienda usiku wa mwisho utakuta foleni ya watu wanaotaka jambo hilohilo.

Wapo wanaoiondoa kwa nia njema wakisema watatoa taslimu kwa waliowahudumia wenyewe. Nia hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, anayefua shuka na anayeosha vyombo hawatakutana nawe hata siku moja, na sehemu yao ilikuwa ndani ya tozo uliyoiondoa. Pili, katika baadhi ya kampuni mhudumu ambaye abiria wake ameondoa tozo hutakiwa kukabidhi alichopewa taslimu kiingie katika fungu la wote, hivyo unaweza kuwa umemletea usumbufu na kumpunguzia. Kama unataka kumpa mtu zaidi, iache tozo mahali pake kisha utoe juu yake.

Hatua ya kumi na moja: kagua akaunti usiku wa mwisho, kisha kadi baada ya wiki

Usiku wa mwisho fungua akaunti ya chumba kwenye televisheni au programu ya simu, ukague mambo matatu: kama tozo ya siku imehesabiwa kwa idadi sahihi ya siku na wageni, kama uliyolipa mapema haikurudiwa, na kama kila kinywaji kina asilimia moja tu. Kosa linalogunduliwa kabla ya saa nne za usiku hurekebishwa kwa dakika chache. Asubuhi ya kuteremka kila mtu yuko dawatini na mizigo mkononi.

Mgahawani ukaguzi huja baadaye kidogo. Unapolipa kwa kadi Marekani, benki huonyesha kwanza kiasi cha bili bila bakshishi, kwa kuwa karatasi uliyotia sahihi huingizwa kwenye mfumo baadaye, na baada ya siku chache kiasi hicho hubadilika kuwa jumla uliyoandika. Kwa hiyo usishtuke ukiona namba imeongezeka. Linganisha na nakala uliyoichukua, na ukikuta haifanani, piga simu mgahawani ukiwa nayo mkononi kabla ya kuwasiliana na benki.